Ng'ombe wa Nadhiri na Sufuria la Jirani

Nataka kueleza habari ya ng'ombe wa dada yangu, dume mwekundu mwenye baka jeupe shingoni, na nataka niieleze sasa hivi hasira zikiwa bado za moto. Nikingoja zipoe nitaanza kuwa mwungwana, nitasema "basi, yamekwisha", wakati hayajaisha.

Mimi ni Msambaa wa Bungu, kule juu milimani. Niliteremka Handeni nikiwa kijana, nikapata kibarua, nikapata mke, nikapata kiwanja Chanika, pale pale mjini, na uzee umenikuta hapo hapo. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha Biblia anisahihishe, sitagombana naye. Ila kusikiliza nimesikiliza sana. Mwinjilisti wetu wa Bungu alikuwa mtu wa kusoma kitabu tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka, hata pale penye majina ya watu waliozaa watu, hata penye urefu wa mapazia ya hema. Sisi watoto kwenye mapazia tulilala. Alipofika Mambo ya Walawi mimi niliamka, maana mle kulikuwa na nyama, na nyama nyumbani kwetu ilikuwa kama mgeni wa mbali.

Nikasikia kumbe Wayahudi wa zamani hawakuwa na sadaka ya aina moja. Kulikuwa na ile ya kuteketezwa yote, moshi unapanda, mtu haonji hata mfupa. Nyingine ilikuwa ya kuomba radhi kwa kosa. Na ilikuwepo ya amani, ya shukrani, na hiyo ndiyo iliyonikaa kichwani: damu inamwagwa penye madhabahu, mafuta yanachomwa kwa Mungu, kuhani anapewa kidari na paja, na nyama iliyobaki anakula mwenyewe aliyeitoa pamoja na watu wake. Tena iliwe siku ile ile. Isibaki mpaka asubuhi.

Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza baba, "Mtu mmoja atamalizaje ng'ombe mzima kwa siku moja?"

Baba akasema, "Hawezi. Ndiyo maana anaita watu."

Baba alilijua hilo kabla hajabatizwa. Katika ujana wake tambiko la ukoo wao lilikuwa hivyo hivyo, nyama inaliwa pale pale lilipofanyika, hairudi nyumbani kwenye kapu la mtu. Aliyeugua alipelekewa masimulizi tu. Sijui Wasambaa na Wayahudi walionana wapi, na sitaki kujifanya najua. Nasema tu kwamba baba yangu hakushangaa aliposomewa.

Sasa dada yangu. Ni mdogo kwangu, mjane, ameolewa na kufiwa na mume huko huko Kwaluguru, ndani ndani mashambani. Majirani zake karibu wote ni Wazigua, Waislamu, watu wa mahindi na kuku kama yeye. Anaye binti mmoja. Masika iliyopita binti alishikwa na uchungu wa kuzaa, barabara imekatika, gari haliingii. Majirani walimlaza juu ya kitanda cha kamba, wakambeba mabegani kwenye matope mpaka mahali gari lilipoweza kufika. Mtoto akazaliwa hospitali mjini, mzima, lakini mama yake alipoteza damu nyingi mno, daktari akasema ndugu wajitokeze wachangie. Mimi niko Chanika, karibu, nikajitokeza wa kwanza. Yule nesi akanitazama akasema, "Babu, hiyo yako kaa nayo tu." Waliolala wakatolewa damu ni vijana wawili kati ya wale wale waliobeba kitanda, bado wana matope ya Kwaluguru miguuni. Mmoja ni mtoto wa mzee ambaye nitamtaja sasa hivi.

Usiku ule dada yangu akiwa kwenye benchi la hospitali aliweka nadhiri. Mwanangu akitoka humu, ng'ombe ni wako, Mungu. Ng'ombe alikuwa ni huyo mmoja. Alimpata akiwa ndama kwa Wamasai waliopita na mifugo, wakabadilishana kwa mahindi, akamlea mpaka akawa dume la kusimamisha watu njiani. Binti akatoka. Basi ikabaki kutimiza.

Kwa sisi tunaoishi huku, kutimiza kuna utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Mkristo akiwa na shughuli, awe wa kanisa gani, anamwita Mwislamu amchinjie. Hatufanyi hivyo kwa sababu mikono yetu haijui kisu. Tunafanya hivyo ili wote wale. Sisi tunakula alichochinja yeye, yeye hawezi kula tulichochinja sisi, basi jambo ni jepesi, achinje yeye. Wazee wetu waliligundua hili bila semina. Jirani wa dada yangu, mzee huyo wa Kizigua ambaye mtoto wake alitoa damu, ndiye mchinjaji wa pale siku zote. Na kila Idi ya kuchinja, mguu wa mbuzi unatoka kwake unaingia kwa dada yangu. Tangu mume yu hai. Haujakosa kufika.

Shukrani ikapangwa Jumamosi. Nikapanda bodaboda asubuhi, nikafika mgongo umekufa ganzi. Masufuria makubwa yameshaazimwa kwa mke wa mchinjaji, yale yenye alama ya rangi nyekundu kwenye ukingo, yanayozunguka kijiji kizima kwenye misiba na harusi. Mchinjaji mwenyewe kakaa kwenye gogo karibu na jiko, kanzu safi, kisu kimefungwa kwenye kitambaa juu ya mapaja.

"Msambaa umefika," akaniambia. "Nilijua harufu itakufikia Chanika."

"Nimekuja kulinda maini. Mara ya mwisho sikuyaona."

"Maini ni haki ya mchinjaji. Wewe mla kabichi yakuhusu nini?"

Tulikuwa tumekaa hivyo, tunacheka, ndipo akaingia mhubiri.

Huyu hakuwa mwinjilisti wa pale. Mwinjilisti wa pale ni mtu mpole, anamwogopa hata jogoo wake. Alikuwa mgeni, kaletwa kufanya semina ya wiki nzima katika kile kikanisa anachosali dada yangu, kaja na gari, vipaza sauti na vijana wa kumfuata. Kijana mwenyewe bado, suti imemkaa vizuri, sauti kama ngoma. Somo la semina lilikuwa madhabahu. Juma zima alikuwa amewahubiria kwamba mtu akikosea madhabahu, baraka inageuka.

Akamsalimia dada yangu Bwana asifiwe, akamtazama ng'ombe, akamtazama mzee mwenye kisu.

"Mama, huyu ng'ombe ni wa nini?"

"Wa nadhiri, mtumishi. Shukrani ya binti yangu."

"Ulimwekea nani nadhiri?"

"Mungu."

"Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Basi ng'ombe wake hachinjwi na mkono wa nje. Dhabihu siyo kitoweo."

Mzee wa Kizigua akainuka. Hakukasirika, alieleza kama unavyomweleza mgeni aliyeulizia njia. "Mchungaji, hapa tumezoea hivi. Nikichinja mimi wanakula wote. Mkichinja ninyi, mnakula ninyi."

"Shikamoo mzee wangu. Sina ugomvi na wewe."

"Marahaba."

"Wewe Idi yako unachinja, sisi hatukuingilii."

"Mnaingilia," mzee akasema. "Huyu mama mguu wake wa mbuzi nisipomletea ananinunia."

Watu wakacheka, hata vijana wa mhubiri. Yeye hakucheka. Nami mdomo wangu mnaujua, nikasema, "Mtumishi, nimeambiwa mlipopita Chanika mkija huku mlikunywa supu. Ile nyama ya kwenye supu ilichinjwa na nani?"

Akanigeukia bila haraka. "Ile ilikuwa chakula, babu. Hii ni dhabihu."

Sitaki kudanganya hapa. Lilikuwa jibu, lilinikaa kama mfupa wa samaki kooni, na nimetembea nalo tangu siku ile. Haya ninayoyaandika ni kukohoa kwangu.

Kisha akamfanyia dada yangu jambo ambalo mimi sijamsamehe. Akamshika bega, kwa upole kabisa, akamwambia, "Mama, nadhiri iliyotimizwa vibaya ni nadhiri isiyotimizwa. Mungu alikupa mtoto. Usimpe sababu."

Usimpe sababu. Sababu ya nini? Hakumalizia, na hakuwa na haja ya kumalizia. Binti alikuwa amekaa pale mlangoni ananyonyesha. Dada yangu alimtazama binti, akamtazama ng'ombe, akasema, "Chinjeni ninyi." Nilipofungua mdomo akanizuia. "Kaka, acha. Siyo mtoto wako."

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Kama Mungu ni wa kupewa kisingizio, akachukua mtu kwa sababu kisu kilishikwa na fulani, huyo wa kwenye Walawi ni nani basi? Yule mwenye kupokea njiwa wawili kwa maskini asiye na kondoo, na unga mkavu kwa asiye na hao njiwa? Mariamu na Yusufu walikwenda hekaluni na ndege, hawakufukuzwa. Yule aliyewaambia watu wa Musa kwamba nyumba ikiwa ndogo kwa mwana-kondoo wa Pasaka, washirikiane na jirani wa karibu? Nimemwomba mjukuu wangu anisomee tena hapo, nihakikishe sikuota. Jirani kaandikwa. Katika usiku ule mzito, damu ikipakwa kwenye miimo ya milango, Mungu alikuwa na nafasi ya kufikiria jirani na kiasi cha nyama. Sasa huyu kijana wa suti anakuja Kwaluguru kumtoa.

Na Wayahudi wenyewe, nilishamsikia mchungaji mmoja kule Korogwe akieleza, hekalu lao lilipobomolewa waliacha kuchinja. Wakabaki na sala, toba na kumsaidia mtu. Hawakusema Mungu kafa njaa. Mungu hajawahi kula ng'ombe wetu, Zaburi inamcheka anayedhani hivyo, mifugo ya milimani yote ni yake. Sisi Wakristo ndiyo tumekwenda mbali zaidi, tunasema Yesu alijitoa mwenyewe mara moja, damu imekwisha, madhabahu ya kuchinjia imefungwa. Alichotuachia ni chakula. Mkate na kikombe, watu wamekaa pamoja. Nani basi kaifungua tena madhabahu ile, na kwa ruhusa ya nani? Ndiyo maana neno lile, hii siyo chakula, hii ni dhabihu, nalitemea mate. Ile ya shukrani ilikuwa chakula tangu kwa Musa. Ukiondoa walaji unabaki na mzoga na maneno.

Lakini haya nimeyapata nikiwa kitandani, Chanika, siku kadhaa baadaye. Pale nilikuwa nimesimama kama mti.

Wakachinja. Kijana wake mmoja ndiye aliyeshika kisu, mhubiri anaomba kwa kipaza sauti, ng'ombe alitaabika kidogo, sitaki kulieleza. Mchinjaji wetu hakuondoka. Alirudi kwenye gogo lake akaketi, kisu kwenye kitambaa, kama mtu aliyealikwa anavyoketi. Kuondoka kungemwaibisha mwenye shughuli.

Sasa nyama imekatwa, imejaa beseni, kijana wa mhubiri anaikimbiza jikoni. Anaona sufuria kubwa, lina maji, moto bado haujawashwa, anainua beseni amimine. Hakujua. Sidhani kama alikuwa mbaya, katoka mahali ambapo sufuria ni sufuria. Dada yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameinamisha kichwa, niliona amefika pale sijui kwa miguu gani, akafunika sufuria na kukalia mfuniko.

"Hili siyo langu," akasema.

"Mama, nyama itachelewa."

"Ni la jirani. Nyama yenu haiingii humu."

"Sasa tupikie wapi?"

"Mtajua ninyi. Humu labda unipike mimi."

Mhubiri akaja, akaanza kusema mama, mama. Dada yangu hakuinuka. Alikuwa mwembamba kama ufagio na alikalia mfuniko ule kama amejengewa pale. Kijana angemimina nyama ile mle ndani, mke wa mchinjaji asingeweza tena kupikia watu wake, na angelipokea sufuria lake akanyamaza kwa heshima, akaenda kulisugua kwa mchanga na maji bila kumwambia mtu. Dada yangu alilijua hilo. Alikuwa ameogopa Mungu atamchukua mtoto, na bado kuna kitu ambacho hakukubali.

Wakaishia kuchoma nyama juani kwenye moto wa wazi, na nyingine wakaichemshia kwenye visufuria vya nyumbani, kidogo kidogo. Kwenye masufuria ya alama nyekundu ukapikwa wali na maharage peke yake.

Majirani walikuja wote. Waliobeba kitanda walikuja. Waliotoa damu walikuja. Wakanawa, wakakaa mkekani, wakala wali na maharage kwa shukrani ya binti waliyemwokoa wao, huku nyama inafuka moshi hatua chache, wanakula wengine. Hakuna aliyetazama upande ule. Nimehudhuria misiba mingi, sijaona adabu iliyoniuma namna ile. Mzee alipomaliza akalamba vidole, akanong'ona kwangu.

"Msambaa, nilikuja na kisu narudi na kisu. Leo kimefunga."

"Kitafuturu lini?"

"Mwulize mchungaji wenu."

"Siyo wetu," nikasema, na nilisema kwa sauti.

Jioni mhubiri akapakia. Paja walichukua, na paja sina neno nalo, limeandikwa ni la kuhani, japo kuhani yule hakuwa na mapaja mawili na ngozi na ulimi. Gari likaondoka, vumbi likatua. Nyama ikabaki nyingi mno, watu wa kanisa lile ni wachache, wameshiba. Dada yangu akamjazia binti bakuli, mnofu mzuri, supu yake juu.

Binti akalisogeza. "Mama, mimi sili."

"Unanyonyesha, mwanangu. Kula."

"Nitakula siku watakayokula wao." Akatikisa kichwa kuelekea kwa majirani. "Mjomba, kosa langu ni nini hapo?"

Nikamwambia hana kosa. Dada yangu akalifunika bakuli. Nyama ile ililala. Handeni kuna joto, hatuna friji kule, asubuhi ilikuwa imeanza kutoa harufu, tukawatupia mbwa sehemu kubwa ya ng'ombe wa Mungu. Nimesema nitaeleza nikiwa na hasira, basi mnaona sababu.

Nikiwa natafuta bodaboda ya kurudi nikamwona dada yangu anatoka zizini na mbuzi. Alikuwa wa mwisho. Alikuwa amewekwa kwa ajili ya ubatizo wa mtoto.

"Unampeleka wapi?"

"Nenda kamwite mzee. Mwambie aje na kisu."

"Mdogo wangu, wewe umeshatoa. Utatoa mara ngapi? Umechukuliwa ng'ombe, sasa na mbuzi? Mungu hajasema hivyo, anataka huruma kuliko sadaka, kaiandika mara mbili."

"Ndiyo hiyo huruma. Kamwite."

"Na ubatizo?"

"Tutabatiza kwa chai."

"Na yale aliyokuambia yule?"

Akafunga kamba kwenye nguzo, akaikaza. "Jana niliogopa, kaka. Leo siogopi. Unakwenda, au niende mwenyewe na magoti haya?"

Nikaenda. Mzee alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na kitambaa chake bila utani wowote, na kwake hiyo ni heshima kubwa. Alimlaza mbuzi akielekea anakoelekeza yeye, akataja jina la Mungu kwa lugha yake, akakata mara moja, safi. Dada yangu akaitika "Amina". Aliitikia kwa mazoea, kama unavyoitikia mtu akikuombea, kisha akaona tunamtazama, akarudia tena, safari hii kwa kusudi.

Sufuria lilikuwa kubwa kupita mbuzi. Ilibidi waongeze ndizi, na mtu akaleta viazi, na mwingine mchicha, mpaka likajaa. Wakaja wale wale wa jana. Binti alikula mpaka jasho likamtoka, mtoto mgongoni kwa yule kijana aliyempa mama yake damu, kijana anatembea naye huku na huku kama amepewa yai. Maini alikula mzee. Nilidai, nikanyimwa. Wazo langu lilikuwa moja tu wakati wote: kwamba mwanamke huyu alistahili kufanya hivi jana, kwa ng'ombe mmoja, abaki na mbuzi wake. Sijalitoa wazo hilo moyoni na sitaki kulitoa. Watu wananiambia mzee, mbona iliisha vizuri. Iliisha vizuri kwa mali ya mjane.

Kesho yake nilimsindikiza kurudisha sufuria. Desturi yetu chombo cha kuazima hakirudi kitupu, unaweka japo mahindi mabichi, japo mayai mawili. Lile lilirudi tupu, limesuguliwa mpaka unajiona ndani. Mke wa mchinjaji akafunua, akachungulia, akamtazama dada yangu.

"Hamkubakiza hata mchuzi?"

"Hatukubakiza."

Akalitia begani kupeleka ndani. "Afadhali," akasema, "maana nyama ile ya kwanza tulisikia ililala."